Nilimchangia fundi wangu 50,000 jumuiyani, huku ananidai 240,000

BARUA

Mwalimu, Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Morogoro mjini. Nina kiwanda kidogo cha kushona sare za shule. Nakiita kiwanda, lakini ni vyumba viwili vya kupanga, vyerehani sita na mashine moja ya ovaloki. Nina mafundi sita, wanawake watano na kijana mmoja. Parokiani nimo WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na huu ni mwaka wa nne ni mweka hazina wa jumuiya yetu. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka ujue anayekuandikia ni mtu wa namna gani, maana jambo lililonipata limenifanya nisijielewe.

Mafundi nawalipa kwa pisi. Shati la shule ni Sh 1,200. Tulikubaliana tangu mwanzo, hakuna aliyeshikiwa fimbo, na hiyo ndiyo bei ya mtaa mzima. Msimu wetu ni Desemba mpaka Februari. Miezi ya katikati kazi hupungua sana, fundi anaweza kupata Sh 70,000 kwa mwezi au chini ya hapo.

Mwaka huu nilipata oda kubwa kutoka shule moja ya Kanisa, ambayo siitaji jina. Tulikesha. Sare zikafika kabla shule hazijafunguliwa. Shule ikalipa kidogo, ikabaki Sh 2,600,000, na kila nikienda naambiwa mhasibu amesafiri, au nisubiri ada ziingie. Basi na mimi nikawaambia mafundi wasubiri. Januari niliwalipa nusu. Februari sikuwalipa kitu. Wote kwa pamoja wananidai Sh 1,310,000. Sikuficha kitu, niliwaeleza hali ilivyo, na wakati wa Krismasi kila mmoja nilikuwa nimempa kilo tano za sukari na lita mbili za mafuta.

Mwanzoni mwa Kwaresima mtoto wa fundi mmoja aligongwa na bodaboda, akavunjika mguu. Huyu fundi tuko naye jumuiya moja. Ana watoto watatu, mume alishaondoka zake. Jumamosi ile jumuiya ilikuwa kwa mzee mmoja jirani, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tumekaa kwenye mikeka. Baada ya kushirikishana Neno, mwenyekiti akaomba tumchangie mwenzetu. Watu wakatoa elfu moja, elfu mbili. Mimi nikatoa noti tano za elfu kumi kumi, nikaziweka kwenye kikapu. Wakapiga makofi. Yule mama akaja mpaka nilipokaa, akapiga goti, akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Jumla zilipatikana Sh 137,000.

Wakati tunatoka, bibi mmoja anayepanga nyumba moja na yule fundi akanisogelea akasema taratibu, "Mama, umemrudishia kidogo. Bado nyingine." Hakuongeza neno. Nilihisi nimemwagiwa maji ya baridi mbele za watu.

Jumatatu fundi hakuja kazini. Usiku akanitumia picha kwa WhatsApp, ukurasa wa daftari la mtoto. Kumbe kila shati aliloshona aliliwekea kijiti, vijiti vimefungwa vitano vitano. Januari mashati 182, Februari mashati 109. Chini kabisa ameandika 240,000. Hakuandika hata salamu. Mwenzake ananiambia anaulizia njia ya kwenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Mume wangu anasema nikate ile 50,000, nimpe 190,000 tumalizane, na kazini asirudi, maana ameonyesha dharau. Mimi nimeumia, Mwalimu. Nasaidia maskini kuliko wengi hapa jumuiyani. Mwezi wa Februari huo huo nimelipa Sh 400,000 kati ya milioni moja niliyoahidi kwa ujenzi wa kanisa. Je, mtu anayetoa hivi bado anaweza kuambiwa amedhulumu? Ile 50,000 niikate? Na je, niendelee kukomunika, yaani kupokea Komunyo, au nisubiri?

Mama mwenye vyerehani sita

MWALIMU ANAJIBU

Milele amina, mdogo wangu.

Nianze na lile goti. Barua yako ni ndefu na hesabu zake ni safi, lakini mimi nilikwama pale yule mama alipopiga goti mbele yako. Alikuwa anakudai 240,000 na akakupigia goti kwa 50,000. Na aliijua hesabu, maana daftari lilikuwa kwake. Sasa afanyeje? Mtoto yuko wodini, watu wanatazama, na kazi yake iko mikononi mwako. Ungekuwa umemlipa Januari yote na Februari, jumuiya ingekuja kumpa pole kama mama yeyote aliyepatwa na ajali. Badala yake alikaa kwenye mkeka akisubiri kikapu kimzungukie, na sehemu ya kilichomo ilikuwa jasho lake mwenyewe.

Umeuliza kama mtu anayetoa hivi anaweza kuambiwa amedhulumu. Ndiyo, anaweza. Ulitoa kama sadaka kitu ambacho tayari kilikuwa cha mwenyewe. Hili si jambo nililolitunga mimi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu Utume wa Walei, namba 8, unasema madai ya haki yatimizwe kwanza, kisije kile kinachodaiwa kwa haki kikatolewa kana kwamba ni zawadi ya mapendo. Iangalie hati yenyewe ni ya nani: ni ya walei, yaani wewe na mimi, watu wa jumuiya na vikapu. Papa Benedikto wa 16 aliligusa jambo hilo hilo mwaka 2009 alipoandika kwamba siwezi kumpa mwenzangu kilicho changu kabla sijampa kile kilicho chake kwa haki.

Naamini kabisa una moyo wa kutoa. Sukari ile na mafuta yale uliyatoa kwa moyo. Lakini fundi hawezi kupeleka kilo tano za sukari kwa mwenye nyumba akazipokea kama kodi. Mshahara anaupangia mwenyewe: huu wa kodi, huu wa madaftari, huu wa vikoba. Zawadi umempangia wewe.

Kwaresima hii hii, Ijumaa ya kwanza baada ya Jumatano ya Majivu, tulisomewa Isaya sura ya 58. Watu wanamlalamikia Mungu kwamba wamefunga na Yeye haoni. Naye anawajibu kwamba siku ya kufunga kwao wanatafuta mambo yao wenyewe na kuwalemea wote wanaowafanyia kazi. Mara ngapi tumelisoma somo hilo tukamfikiria tajiri fulani wa mbali! Na Yoshua bin Sira, sura ya 34, anakaza zaidi: anayetoa sadaka kwa mali ya maskini ni kama anayemchinja mtoto mbele ya baba yake, na anayemnyima kibarua ujira wake anamwaga damu. Mwaka 1514, kisiwani Cuba, padre mmoja Mhispania aitwaye Bartolomé de las Casas alikuwa anaandaa mahubiri ya Pentekoste akakutana na maneno hayo. Naye alikuwa amepewa wenyeji wa kisiwa wamfanyie kazi kwa nguvu. Hakuweza kuhubiri kitu kingine. Aliwaachia wale watu, na maisha yake yote yaliyobaki akayatumia kuwatetea. Nakutajia huyo kwa sababu alikuwa padre, anaadhimisha Misa, anatoa sadaka, na kwa miaka kadhaa hakuona kitu.

Sasa neno lako la "tulikubaliana". Nilitegemea utalisema, kila mwajiri hulisema. Baba yangu alitoka Kasulu miaka ya hamsini akaenda Tanga kukata mkonge, akawa manamba kama walivyoitwa. Naye alikubali. Alipewa kipande, kadi yenye vyumba thelathini, na kila siku aliyomaliza kazi yake nyapara aliweka alama kwenye chumba kimoja. Mshahara ulikuja vyumba vyote thelathini vikishajaa. Ukiugua, siku haihesabiki. Usipomaliza mistari uliyopimiwa, siku haihesabiki. Kwa hiyo mwezi wa kipande ungeweza kuchukua wiki sita au zaidi. Mpaka anakufa, kidole chake cha shahada kilikuwa na kovu la mwiba wa mkonge, na alikuwa akikitumia kidole hicho kutuhesabia vyumba hewani. Nilipoona umeandika kuhusu vijiti vimefungwa vitano vitano kwenye daftari la mtoto, nilimwona yeye.

Tarehe 15 Mei 1891 Papa Leo wa 13 alitoa waraka uitwao Rerum Novarum, wakati viwanda vya Ulaya vinawameza wanaume, wanawake na watoto kwa saa nyingi na kwa ujira wa kubahatisha. Wenye viwanda walikuwa na hoja yako: mkataba ni hiari, amekubali mwenyewe. Papa akajibu kwamba iko haki ya asili, kubwa na ya kale kuliko makubaliano yoyote ya mtu na mtu, inayotaka ujira umtoshe mfanyakazi mwenye kiasi kujikimu. Na kwamba mtu akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, basi huyo ametendewa nguvu na dhuluma. Katekisimu imeliweka hilo namba 2434: makubaliano ya pande mbili peke yake hayatoshi kuhalalisha kiasi cha mshahara. Papa wetu wa sasa alipochaguliwa Mei 2025 akachagua kuitwa Leo wa 14, na alieleza mwenyewe kwamba sababu kubwa ilikuwa Leo wa 13 na waraka huo. Kwa hiyo hatuzungumzii karatasi iliyolala makumbushoni.

Bei ya mtaa mzima isikutulize. Mtaa mzima unaweza kukosea. Kaa na daftari lako ufanye hesabu. Januari, mwezi wa kukesha, fundi wako alishona mashati 182 akastahili Sh 218,400. Februari 130,800. Kisha ukaja msimu wa 70,000. Toa kodi ya chumba, toa mkaa, toa maji, gawa kinachobaki kwa vinywa vinne. Halafu chukua shati moja ulichambue: kitambaa, uzi, vifungo, umeme, kodi ya fremu, fundi, na chako wewe. Ukikuta kwamba kila kitu kwenye shati kimepanda bei miaka hii isipokuwa mkono ulioshona, utajua pa kuanzia.

Sikudai ufilisike. Papa Pius wa 11 mwaka 1931 aliandika wazi kwamba hali ya biashara nayo iangaliwe, na kwamba kudai mishahara ambayo itaiua biashara ni kosa pia, kwani itawaangukia wafanyakazi wenyewe. Ila aliongeza kwamba kipato kikiwa kidogo kwa sababu mwenye mali amezembea au hakujipanga, hicho si kisingizio cha kumpunja mtu. Na papo hapo akawakemea wanaoibana biashara yenyewe kwa kuilipa bei isiyo ya haki, kwa kuwa wanaifanya ishindwe kulipa watu wake.

Hapo ndipo inapoingia ile shule.

Nimekasirika, na sitaki kuficha. Mwaka 1971 Sinodi ya Maaskofu ilitoa tamko kuhusu Haki Duniani, na ndani yake wakasema anayethubutu kuwaambia watu habari za haki ni lazima kwanza yeye mwenyewe aonekane mwenye haki machoni pao. Wakaeleza kwamba hili linaihusu mali ya Kanisa, na linawahusu wanaolifanyia Kanisa kazi: wapate riziki ya kutosha na hifadhi ya jamii. Mwaka mmoja kabla, Mwalimu Nyerere aliwaambia masista wa Maryknoll kule Marekani kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowafunga watu katika umaskini, litakosa maana kwa mwanadamu. Shule inayofundisha watoto Amri ya Saba ikiwa imewavalisha mashati ambayo hayajalipiwa, inawafundisha kitu kingine. Milioni mbili na laki sita si mchango wako kwa Kanisa. Usione aibu kuzidai kwa sababu mdaiwa ana msalaba getini. Andika barua, siyo kwenda kusimama dirishani kwa mhasibu. Taja tarehe ya kupeleka mzigo, idadi ya sare, kilicholipwa, kilichobaki, na siku unayotaka jibu. Nakala mpelekee mkuu wa shule, na baada ya hapo msimamizi wa elimu wa jimbo. Na uandike sentensi moja kwamba kuna mafundi sita wanaongoja fedha hizo. Aliyeagiza mashati yale ana sehemu yake katika deni la fundi wako, hata kama hajawahi kumwona uso.

Ila, mdogo wangu, usijifiche nyuma ya shule. Nimeiona ile 400,000. Februari, mwezi ambao mafundi hawakupata hata senti, wewe ulikuwa na laki nne mkononi. Ulikuwa na watu wa kuwalipa wanaokudai, na ulikuwa na ahadi ya ujenzi ambayo jina hutangazwa na watu hupiga makofi. Ukachagua ile ya makofi. Sidhani kwamba ulikaa ukapanga ubaya. Nadhani deni la fundi halikukuuma kwa sababu fundi hakulitangaza. Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele wenyewe, na vilio vya wavunaji vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Katekisimu namba 1867 inautaja udhalimu kwa mfanyakazi pamoja na damu ya Abeli, miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu.

Sasa tufike kwenye la kufanya, na naomba usilisogeze mpaka Pasaka.

Wiki hii tafuta pesa. Kama una mashine ya kuuza uza, kama una akiba ya kikundi kopa, kama mume wako ana kitu akuazime. Nenda kwa paroko umweleze kwamba laki sita iliyobaki ya ahadi yako inasubiri, na umwambie sababu yenyewe, usimpe ya uongo. Padre mwenye akili atakubariki. Bwana wetu alisema ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache pale, nenda kwanza ukapatane naye. Ikishindikana kulipa wote kwa mara moja, waite mafundi wote sita, fungua daftari la biashara mezani, waonyeshe kilichoingia na kilichotoka, mpange pamoja nani aanze. Usipange wewe peke yako. Kwa maoni yangu mwenye mtoto hospitali ataanza, na nadhani wenzake watasema hivyo kabla yako.

Ile 50,000 usiikate. Mume wako ana hesabu nzuri lakini hapa amekosea. Ungeitoa faraghani ukisema "shika hii kwenye ile yako", ingekuwa sehemu ya deni. Wewe uliitoa mbele ya jumuiya kama mchango kwa mtoto mgonjwa, ukapigiwa makofi na ukapigiwa goti. Ukiikata sasa, utakuwa umechukua shukrani ya sadaka kisha ukachukua na sadaka yenyewe. Mlipe 240,000 kamili, mkononi au kwenye simu, na utoe gharama za kutolea juu. Usiende na mkate wala soda. Mtu anayelipa deni hapeleki zawadi siku hiyo, anapeleka deni. Mwambie, "Nilikukosea, nisamehe," kisha unyamaze umsikilize, hata kama atasema maneno makali.

Kuhusu kumfukuza, hapana. Amekudharau wapi? Ametuma hesabu. Angetukana, tungezungumza mengine. Kama anataka kwenda Tume ya Usuluhishi, ni haki yake, na wewe usimwone msaliti. Yohane Paulo wa 2, ambaye wakati wa vita alipasua mawe machimboni na kufanya kibarua kwenye kiwanda cha kemikali huko Kraków, aliandika mwaka 1981 kwamba kazi ni kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Aliandika pia kwamba njia ya kujua kama mfumo mzima wa uchumi una haki ni kuangalia mfanyakazi analipwaje. Na wafanyakazi kuungana kutetea maslahi yao, Kanisa halijawahi kuliita uasi. Ukilipa kabla hajafika CMA, vizuri. Akifika kwanza, nenda uitwapo, kaa, kiri deni, andikeni tarehe za kulipa.

Halafu panga upya biashara yako. Oda ya shule usiikatie kitambaa kabla ya kupokea nusu ya malipo, na ndani ya nusu hiyo tenga ujira wa mafundi siku hiyo hiyo, uweke kwenye akaunti au laini ambayo huigusi kwa jambo lingine, hata liwe la kanisa. Waandikie mafundi mikataba. Mtu kulipwa kwa pisi hakumfanyi asiwe mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa kikomo cha saa 45 kwa wiki, na zaidi ya hapo ni malipo ya ziada, ndiyo kusema zile usiku za kukesha zina bei yake. Inampa likizo ya siku 28 kwa mwaka na siku 84 za uzazi. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na nusu yake walau ni yako wewe mwajiri. Nenda ofisi ya kazi uulize kima cha chini cha sekta yako kwa sasa, kisha uhakikishe fundi wako hashuki chini yake miezi ya kiangazi cha kazi. Miezi hiyo kuna majoho ya kwaya, kuna vitenge vya WAWATA, kuna nguo za Komunyo ya Kwanza. Wewe ni mweka hazina, unajua kila kikundi kinashona lini na wapi. Zitafute hizo kazi kwa bidii ile ile uliyotafutia oda ya shule.

Umeuliza kuhusu kukomunika. Mimi ni mwalimu wa dini, si padre, na siwezi kukupimia dhamiri kwenye karatasi. Nenda ukaungame, Kwaresima ndiyo hii. Lakini ujue padre atakuuliza kuhusu kurudisha, kwa sababu toba ya mali ya mtu inakamilika mali ikirudi. Zakayo hakusema tu amesikitika. Alisimama akataja viwango.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Jumuiya ile ilikuona ukitoa, ikapiga makofi, na bado inaamini wewe ulimsaidia maskini. Yule bibi peke yake ndiye anayejua. Mimi ningekuwa wewe, Jumamosi moja baada ya kulipa, ningeomba nafasi kwenye kushirikishana nikasema kwa kifupi kwamba nilikuwa nadaiwa mshahara na mwenzetu siku ile, na sasa nimemlipa. Lakini muulize kwanza yeye kama anataka liwe hivyo, maana aibu ya goti ile ni yake pia, na ana haki ya kuamua nani ajue. Akikataa, liache hapo.

Na mafundi wengine watano wasisahaulike kwa sababu hawakutuma picha. Muulize kila mmoja kama naye ana daftari.

Niandikie shule ikijibu.

Mwalimu